Kikombe cha Kumi na Saba

Jina langu liko juu ya kifuniko:
Ngumbao Yeri, dereva, lori la chumvi,
Marereni hadi Mombasa, mwaka wa kumi na tisa huu.
Usiufunge mlango, kasema muuguzi. Jaza hadi mstari.
Haya, mkojo, mimi nawe tumesimamishwa kizimbani.
Sema. Lakini ukisema, sema yote.

Anza na kiuno.
Taja tani ishirini na nane, na makorongo ya Gongoni,
na usiku ninaolala nimekaa, nimeegemea ukuta,
Mbodze akinikanda kwa mafuta ya nazi
mpaka mikono yake ichoke, maumivu yasichoke.

Kisha kitaje kichupa.
Sinyora Ornella wa Casuarina,
nilipompelekea chumvi ya bwawa lake la kuogelea,
aliniona ninavyoshuka kwenye lori,
kinyumenyume, kama mtoto ashukaye ngazi.
Matone matatu chini ya ulimi, akaniambia.
Ni bangi, ila imetolewa wazimu.
Nyoka aliyeng'olewa meno: ndivyo nilivyomwelewa.
Usiku wa nne, adhana ya alfajiri ndiyo iliyoniamsha.
Nililia, we mkojo. Hilo hutalisema;
machozi yalipita njia nyingine.

Karatasi ya kichupa imeandikwa sifuri.
Nani aliipima sifuri hiyo, na kwa mizani ya wapi?

Thoya ametoka chooni kabla yangu, shavu limevimba muguka,
siku ya pili hajafumba jicho.
Juzi, darajani Sabaki, alimpungia mkono mtu asiyekuwepo.
Amepita. Muguka haumo katika orodha yao.

Wala sisemi wasipime.
Nilikuwepo Mtondia siku Fondo alipoteremka kutoka kwenye usukani,
macho mekundu, anacheka,
na baiskeli ya mtoto i chini ya tairi,
kengele yake haina hata mkwaruzo.
Lori lingekuwa langu, ningepima kila asubuhi.

Ubavuni mwa kikombe pana ukanda wa kijani.
Unasoma joto, wajue haya ni ya mwili wangu, si ya kuazima.
Umekubali. Ni mimi.
Majibu Jumanne, asema muuguzi. Ufunguo uache hapa.

Leo ni Alhamisi.
Kiuno hakijui kalenda.
Mbodze amekishika kichupa mlangoni,
anauliza akitupe au akifiche.
Nimemgeuzia mgongo.