Pini ya Ardhi

Mama aliitunza siri hiyo wiki tatu.
Kila alipotumbukiza mkono tangini
kung'oa majani yaliyooza,
kitu kilimng'ata kidoleni, pale penye mkato
aliojikata akimenya bitiruti.
Hakusema. Alipiga deki, alikunja mashuka,
akamlaumu Mungu kidogo kidogo, kwa adabu.

Nilifika Szczecin kwa treni ya asubuhi,
theluji imegeuka tope hadi mlangoni,
nikamsikia sebuleni akiwasihi samaki:
"Leo msiniume."
Samaki wenyewe urefu wa kucha,
mstari wa buluu ubavuni,
meno hata ya kusingiziwa hawana.

Nikatia mkono. Kimya.
Nikashika kwa mkono wa pili bomba la joto ukutani,
na hapo nikaelewa.

Tukamwita Bwana Wacław Pietrusiak wa ghorofa ya chini,
miaka thelathini na moja fundi wa tramu,
sikio lake moja lilibaki karakana.
Alikuja na slipa zake ndani ya mfuko wa plastiki
na mita ya njano iliyofungwa kwa utepe.
Akakwangua rangi ya bomba kwa kisu,
ncha moja bombani, ncha nyingine majini.
"Thelathini na nane," alisema,
kama mtu anayesoma bei ya nyama.

"Sasa tuchomoe kimoja kimoja.
Umeme uliopotea ni kama uvumi:
ukiwauliza wote kwa pamoja, wote watakana."

Taa. Thelathini na nne.
Pampu ya hewa. Thelathini na tatu na nusu;
akapunga mkono, hiyo porojo tu.
Chujio. Thelathini na moja,
maji yakanyamaza,
tukaisikia saa ya ukutani
niliyodhani imekufa tangu nikiwa shule.
Hita.
Mbili.

Aliniamuru nishike plagi mkononi, nisiiachie,
ndipo akaingiza mkono, akaitoa hita ikichuruzika.
Ufa mwembamba kama unywele wa kichanga,
na ndani ya kioo tone moja la maji
limeketi juu ya waya, limestarehe
kama mgeni aliyepewa kitanda.

Sikuuliza zaidi, yeye ndiye hakuridhika.
Akazima swichi kuu, akafungua soketi.
"Tazameni."
Pini ya ardhi imesimama wima, inang'aa,
na nyuma yake hakuna waya,
hakuna hata kisiki cha waya.
Tangu jengo hili lijengwe imevaa cheo bila kazi.
Mama akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.
"Namjua mtu wa hivyo," alisema, wala hakumtaja.

Na samaki je? Wamekaaje humo wiki zote hizo?

"Samaki hajui," alisema Bwana Wacław, akipuliza chai.
"Maji yamepanda, naye amepanda nayo.
Ni kama ndege juu ya nyaya za tramu, analala usingizi.
Anayeumia ni mwenye mguu chini,
anayeingiza mkono kutoka nje."

Niliitazama chai yangu kwa muda mrefu.
Mimi huja mara mbili kwa mwaka.

Jumatatu alivuta waya mpya, wa kijani na njano,
akakataa pesa, akakubali mtungi wa matango ya chumvi.
Slipa zake alizisahau.
Usiku mama alisimama mbele ya kioo,
taa ya tangi ikimpaka usoni rangi ya majani,
akasema, si kwangu hasa:
"Nilidhani ni uzee.
Nilidhani ni mimi ninayevuja."

Kisha akakunja mkono wa sweta,
akatumbukiza kidole chenye kovu,
akakiacha humo,
mkono wa pili umelishika bomba.
Samaki mmoja akaja, akakionja, akaondoka.
Mama hakukitoa.