Mguu wa Kushoto

Nimempigia ngoma Bauribandhu miaka arobaini na mitatu,
na kama kuna kitu nikijuacho kuliko sura ya mke wangu
ni nyayo zake.
Zimepasuka visiginoni kama udongo wa Odisha mwezi wa Mei,
ukingoni zina rangi nyekundu isiyotoka tena hata kwa sabuni,
na kidole gumba cha kulia kimepinda nje
kana kwamba kinasikiliza.

Alianza na miaka sita, kijijini, kando ya mto Bhargavi.
Walimfuga nywele, wakamsuka, wakamvika sari, wakamtia wanja,
kwa kuwa pale mbele ya hekalu wavulana ndio huwa wasichana
hadi sauti ivunjike.
Mwalimu alimlaza kifudifudi akamkunja mgongo
mpaka kisigino kikagusa kisogo.
Hulisimulia hili akicheka.
Mimi sijawahi kucheka.

Sauti ikavunjika. Ndevu zikaja.
Wenzake wakakata nywele: mmoja kauza samli,
mmoja kaenda viwanda vya nguo vya Surat,
mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wote, kawa dereva wa lori.
Baba yake akamwekea wembe juu ya sinia,
asiseme neno.
Bauribandhu akanyoa ndevu.
Nywele akaziacha.

Mchana alikuwa karani wa reli, stesheni ya Khurda,
akigonga mihuri kwenye vifurushi vya watu.
Hata muhuri aliugonga kwa mahadhi,
tatu, nne, tatu, nne,
mkuu wake akamwandikia onyo.
Usiku alikuwa Radha.
Msinielewe vibaya, hakuiga mwanamke.
Alikaa tu mlangoni pasipo na mlango,
akageuza shingo kidogo,
na ukumbi mzima ukageuka kutazama njia tupu
kama Krishna anakuja.
Hata mimi niligeuka,
mimi niliyejua kwamba nyuma hakuna mtu
ila muuza chai.

Wachumba wawili walimkataa kwa ajili ya zile nywele.
Wa tatu, Sulochana, alikuja kumtazama akifanya mazoezi,
akakaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema,
"Mshipi umeulegeza,"
akanyanyuka akamkazia mwenyewe.
Ameukaza miaka thelathini na sita.

Halafu ile ajali: baiskeli, tope la masika, kifundo cha kushoto.
Aliporudi jukwaani, nilisikia.
Mguu ule ulitua umechelewa,
si sana, unywele tu,
lakini mpiga ngoma husikia unywele ukianguka.
Sikumwambia mtu.
Nikaanza kuuchelewesha mkono wangu,
nikamsubiri chini ya kila pigo,
njuga na ngozi zikatua pamoja,
na magazeti yakasifu uelewano wetu.

Sasa magoti yamekataa. Anacheza ameketi,
kwa macho na vidole, mbele ya wanafunzi wanne,
mmoja wao huja kwa sababu mama yake anamlazimisha.
Juzi, mvua ikilipigia bati kelele na watoto wamekwisha kwenda,
nikaona niungame kabla hatujafa.
"Bauri, mguu wako wa kushoto.
Tangu ajali umekuwa ukichelewa.
Nimekuwa nikikusubiri, watu wasijue."

Akaacha kufungua njuga.
Akanitazama vile anavyotazama ile njia.
"Mguu ulipona kwa miezi minne," akasema.
"Mkono wako wa kulia ndio unaochelewa,
tangu ile homa yako ya mwaka uleule.
Nilidhani hujui.
Nami nikawa nakusubiri wewe."

Mvua haikukatika.
Alinipa upande mmoja wa njuga niukunje.
Kamba ilikuwa imelika mahali pawili.
Nikaifunga fundo, vidole vikitetemeka,
naye akanishikia taa,
bila kuniharakisha.