Jozi Sitini

Dada yangu alizituma kutoka Zugdidi, mwezi wa tisa,
jozi sitini ndani ya mfuko wa unga.
Nikaziandika kitabuni: vifaa vya kufundishia.
Kila asubuhi, kabla jiko la kuni halijashika,
nazimwaga mezani, nazihesabu.
Oktoba, mara ya kwanza nashtuka:
hamsini na saba.

Huku kwetu milimani namba hiyo haina jina lake.
Tunasema: ishirini mbili na kumi na saba.
Ubao unasema tano, kisha saba.
Mdomo unasema mbili, kisha kumi na saba.
Na mtoto wa miaka saba anasimama katikati
kama mbuzi aliyefunguliwa malango mawili.

"Mwalimu, tano imejificha wapi?"
Huyo ni Bichiko. Meno mawili ya mbele yameng'oka
na maswali yote ya kijiji hupitia penye pengo hilo.
Nikampa soksi kuukuu: tia kumi, funga.
Tia kumi, funga.
Soksi tano zikalala mezani, saba zikabaki zinabiringika.
"Kumbe tano ni soksi!"
Naam. Darasani mwangu, mwaka mzima, kumi ni soksi.

Chumba kimoja, watoto sita, madarasa matatu.
Wakubwa wanazidisha karibu na dirisha.
Wadogo wanahesabu vidole, mpaka theluji ifike
na kila mkono uingie kwenye glavu isiyo na vidole.
"Mwalimu, leo ninazo mbili tu."

Kutoa ndiko kunakotutoa jasho.
Arobaini na mbili, toa kumi na tano:
mbili haiwezi kutoa tano,
nenda kwa jirani ukakope kumi.
Lekso akainua kichwa. Baba yake ana duka,
na daftari la madeni nene kuliko Biblia.
"Atarudisha lini?"
Miaka kumi na tisa nafundisha kukopa
sijawahi kuulizwa habari ya kulipa.

Na jozi zinapungua. Moja, kila Jumatatu.
Nilimshuku panya. Nilimshuku Bichiko,
lakini kwa pengo lile angezivunja na nini?

Februari zilibaki arobaini na moja.
Nikifagia, chini ya dawati la Mzekala
nikaona soksi ambayo si yangu,
nyekundu, ya mtu mzima, imefungwa fundo.
Pembeni yake, ndani ya kopo, jozi tisa.

Mama yake yuko Bari, Italia,
anamwogesha bibi kizee asiye wa kwao.
Aliondoka Jumatatu.

Mzekala huyu ambaye daftari lake
nimelichora mikasi myekundu kila ukurasa,
asiyejua, niliandika, hata kutoa tatu kwenye nane.

Nikaikalia sakafu, fagio mkononi.
Ukiipasua jozi, ndani yake mna jozi:
nusu mbili zilizopeana mgongo, ukuta mwembamba katikati.
Nikairudisha soksi mahali pake.
Nikafagia kuizunguka.

Machi, barabara ilipofunguka, mkaguzi akaja kutoka Mestia,
Bwana Jansugi, buti zake zikidondosha matope.
Akafungua kitabu. Akahesabu mara mbili.
"Zimeandikwa sitini. Ziko thelathini na saba.
Haya, watoto, zimepotea ngapi?"

Kimya. Kuni zikapasuka jikoni.
Bichiko akachungulia ndani ya glavu zake.
Kisha mkono mmoja ukapanda,
mkono ambao tangu mwezi wa tisa haujapanda.

"Ishirini na tatu," akasema Mzekala.
"Lakini hazijapotea."

Bwana Jansugi akanigeukia, kalamu hewani,
kwenye safu ile nyembamba ya maelezo.
Andika, nikamwambia,
andika: zinatumika.