Mtihani wa Kutazamia

Mvua ya Syukula haikuuliza ratiba ya chuo.
Ilianza alfajiri, ikapiga bati
mpaka jogoo akakata tamaa.
Simu nimeitundika dirishani ndani ya mfuko wa chumvi,
pale penye vijiti viwili vya mtandao;
isogeze kidole kimoja, vinakwenda zao.
Meza ni ile ya kukatia kabichi.
Kompyuta ya kuazima, chaji asilimia arobaini na moja,
umeme uliondoka na radi ya jana.

Mama akaona vitabu vinne vimefunuliwa,
daftari, makaratasi, vyote vimeanikwa kama mahindi.
"Si ulisema leo mtihani?"
Ndiyo, mama.
"Na hivi?"
Vinaruhusiwa.
Akacheka kwa pua. "Mtihani wa kutazamia."
Halafu hakucheka tena.

Akaweka kigoda mlangoni, blanketi begani,
msimamizi ambaye hakuna aliyemteua.
Kuku walifukuzwa.
Mjomba Anyosisye, aliyekuja kuazima shoka,
alijibiwa kwa kidole mdomoni, akarudi na mvua yake.
Ndama alilia bandani. Aliambiwa: saa sita.

Hadithi yake naijua, ingawa hajawahi kuisimulia yote.
Darasa la saba, Hisabati, swali la ishirini na kitu,
karatasi ndogo ikaokotwa chini ya dawati:
chumvi, kiberiti, mafuta ya taa nusu chupa.
Mwandiko wa babu, wa kupitia dukani akitoka shule.
Msimamizi hakuisoma. Aliona tu kwamba ni karatasi.
Jioni ile chumvi ilifika nyumbani.
Mama hakufika sekondari.

Somo langu ni Sheria ya Ushahidi.
"Hilo linalokukunja uso, lisome kwa sauti," alisema bila kugeuka.
Nikalitoa polepole ndani ya Kiingereza chake
kama mtu anayemenya kiazi cha moto:
kitu kimekutwa karibu na mtu;
je, ukaribu huo peke yake unatosha kumtia hatiani?

Mvua ilipungua, au mimi niliacha kuisikia.
"Aliyekaa nyuma yake aliulizwa?" mama akasema.
"Na karatasi yenyewe, kuna mtu aliyeisoma?"
Karatasi gani, mama? Hapa wamesema kitu.
Akavuta blanketi.

Maelekezo yapo juu kabisa, kwa wino mzito:
kitabu chochote, ruhusa; msaada wa mtu, marufuku.
Kitabu ninacho, kurasa mia sita na ushee,
nimekipekua mpaka kwenye faharasa.
Kina majaji, kina rufaa, kina visu vyenye damu
vilivyookotwa kwenye miji nisiyoijua.
Nikaandika ya kitabuni.
Ya mama nikayaacha pale mlangoni,
pamoja na miguu yake yenye tope la shamba la chai.
Sijui kama huo ulikuwa uaminifu
au woga uliovaa nguo safi.

Chaji asilimia sita. Tuma.
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka tena, kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Tukatoka mbio, kompyuta kifuani pangu, simu mkononi,
yeye na mwamvuli wenye mbavu mbili zilizovunjika,
tukapita migombani hadi uwanja wa kanisa
ambako vijiti huwa vitatu, Mungu akipenda.
Asilimia sitini na nane. Sabini na moja.
Mwamvuli wote ulikuwa juu ya kompyuta.
Mama alikuwa analowa.

"Wameipokea?"
Wameipokea.
"Hivyo hivyo? Hakuna aliyekuja kuinama chini ya meza?"
Hakuna, mama.

"Ndaga," akasema, sijui kwa nani,
akakunja mwamvuli ingawa mvua bado ilinyesha,
akatangulia kwenda kukamua ng'ombe,
amechelewa.