Pengo la Vidole Viwili

Brno haina bahari.
Bahari yetu huja kwa ndoo, ikiwa unga:
kilo ishirini na tano za chumvi
ninazozipandisha ghorofa ya nne kwa miguu
kwa kuwa lifti ya jengo letu
imesusa tangu Pasaka.
Nakoroga, napima, naonja
(usionje, husema Ludmila; naonja),
na Jumapili jioni tangi linavuma ukutani
kama jokofu linaloota.

Wa kwanza kuruka tulimlilia.
Alikutwa nyuma ya kabati la vitabu,
mwepesi kama ganda la kitunguu.
Wa pili alikuwa ndani ya kiatu changu cha kazi,
nami nilikwisha kuingiza mguu.
Wa tatu hakuonekana kabisa,
ila paka alishinda siku nzima
akikwepa macho yetu.

Wanafuata nini huko juu?
Mzee Otakar, aliyetuuzia, anasema ni hofu tu:
taa ikizimwa ghafla, kivuli kikipita,
samaki huchomoka.
Baharini, anasema, ukiruka unaangukia baharini.
Hawajui kwamba kuna mahali
ambapo maji yana ukingo.

Basi nikanunua kifuniko cha plastiki angavu.
Kisha nikanunua taa mpya,
waya wake ukataka njia,
nikakata kona kwa msumeno.
Pengo la vidole viwili.
Vidole viwili, nilimwambia Ludmila,
nani atapita hapo?

Kila usiku kabla ya kulala, Kryštof huhesabu.
Ana miaka minane.
Shuleni yeye na hesabu hawaamkiani,
lakini hapa hubandika paji la uso kwenye kioo
mpaka libaki duara la jasho.
"Wangapi?" nauliza kutoka jikoni.
"Sita."

Sita, theluji ya kwanza ilipoanguka.
Sita, nilipolala na homa wiki nzima.
Mimi nilikuwa naona watano.
Wa sita, nilijiambia, ni yule mwembamba,
kichwa cheupe, mkia wa rangi ya kaa la moto,
mwenye unywele mrefu mgongoni
anaouinua na kuushusha kana kwamba anasimamisha teksi.
Mwoga yule. Atakuwa mwambani.
Nikaendelea kumtupia chakula chake.

Februari, nikitafuta betri ya saa,
nilifungua droo ya mtoto.
Chini ya kadi za wachezaji wa hoki,
kasha la kiberiti.
Ndani ya kasha, pamba.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Huyu alijikunja mwenyewe, akakaukia hapo:
upinde mdogo, rangi ya chai,
unywele wa mgongoni bado umesimama.
Kwenye ubavu wa kasha, kwa penseli iliyokandamizwa mno,
tarehe tisa Oktoba.

Msumeno niliushika tarehe saba.

Nikakaa kwenye kitanda chake,
kitanda kifupi, magoti yakinikaribia kidevu.
Usiku mia na ishirini na kitu
mtoto ametazama maji, akaona watano,
akageuza uso
akanipa sita.

Nilirudisha kasha mahali pake.
Kadi juu, golikipa juu ya wote,
kama zilivyokuwa.
Nikashuka kununua kitambaa cha chandarua,
nikashona nikiwa nimesimama kando ya tangi,
nikajichoma kidole mara tatu,
damu kidogo ikaingia baharini.
Kryštof alinitazama nikiziba kona.
Hakuuliza kwa nini leo.

Kisha akabandika paji la uso.
Sindano ilikuwa bado mdomoni mwangu,
nikauliza kwa pembe ya midomo:
"Wangapi?"

Akakawia.
Pampu ikavuma, ikakohoa, ikavuma.

"Sita, baba."

Nikachota chakula cha sita.