Mizani ya Ghala la Tatu

Asubuhi humwandikia Bwana Pettigrove.
Alasiri, chai ikishapoa, Bwana Lanyon.
Kalamu ni moja. Wino ni mmoja, wa zambarau,
unanuka siki na kuniachia doa kidole cha kati
ambalo mke wangu Rahabu husugua kwa ndimu, wapi.

Bandari, wanaiita, hii Nairobi yao:
bandari isiyo na tone la chumvi.
Gati ni mbao za stesheni,
na usiku vyura wa kinamasi hulalama
kama makuli waliocheleweshewa mshahara.
Pembe hushuka kutoka Baringo juu ya vichwa vya watu,
hupimwa, hupigwa nambari kwa rangi nyekundu,
hutiwa behewani kwenda Kilindini.
Na huko, kati ya daftari na daftari,
frasila tatu hazionekani.

"Nina heshima kukuarifu," husema Bwana Pettigrove,
akitembea, mikono nyuma, buti zikilia kwi, kwi,
"kwamba ofisa wa ushuru ni mtu wa kiu,
na deni lake la mvinyo linajulikana hata na punda."
Naandika. Punda namfuta. Naweka "umma."

"Nina heshima kukuarifu," husema Bwana Lanyon,
ameketi, paka mapajani,
"kwamba msimamizi wa ghala ana funguo nne
za mlango wenye kufuli tatu."
Nauliza: nne kwa tarakimu, Bwana, au kwa herufi?
Kwa vyote viwili, Farjala. Ili iume.

Hawasalimiani. Kwenye mbio za farasi
mmoja akikaa kivulini, mwenzake huchagua jua.
Wake zao hukopeshana hamira kupitia wapishi.

Barua hupanda kwa Gavana, hushuka,
hupanda tena, pembeni pameandikwa kwa penseli:
*Toa maelezo.*
Kila maelezo ni kurasa sita,
kila ukurasa ni senti mbili kwangu.
Sitadanganya. Frasila tatu ambazo sikuziona kwa macho
zimeezeka nusu ya nyumba yangu Pangani.
Fahali wawili wakipigana, sawa, nyasi huumia;
mimi ni jani lililopewa kalamu.

Jumapili moja nilikwenda ghalani.
Kilungya, mpimaji, akanifungulia bila neno.
Akaweka jiwe la frasila upande huu,
jiwe la frasila upande ule.
Mkono wa mizani ukafikiri kidogo,
kisha ukalala kushoto, polepole,
mlevi anayetafuta mto.
Ratli mbili na ushei kila mzigo.
Mizigo arobaini. Piga hesabu mwenyewe.

"Tangu lini?"
"Tangu masika. Chuma kililowa."
"Umewaambia?"
"Nani aliniuliza?"

Kwetu Kisauni mizani ni jambo la mashairi:
nane, pumzi, nane.
Ikipungua moja tu
hata mtoto wa mgongoni hugeuza shingo.
Hapa chuma kinadanganya miezi mitano
na watu wazima wawili wanasomeana madeni ya mvinyo.

Ningesema Jumatatu. Niliamka nikiwa na nia hiyo.
Kisha nikaitazama nusu ya paa isiyo na bati,
na mawingu yake.
Jumanne nikasema kesho.

Leo, Alhamisi, mabwana wamekubaliana
bila kujua kwamba wamekubaliana.
Asubuhi: "Mwizi ni mpimaji, yule Kalunga."
Alasiri: "Mwizi ni mpimaji, yule Kilango."
Paka ameshuka mapajani, anajinyoosha.
Nje, garimoshi la saa kumi linapumua.

"Andika," asema Bwana Lanyon.

Nachovya. Naikung'uta nibu ukingoni mwa kichupa,
mara moja, mara ya pili.
Nauliza: jina lake linaandikwaje, Bwana?

Hajui.

Wino unakauka kwenye nibu.
Nasubiri ajue.