Upana wa Sukani Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, malori ya shaba
hayajaanza kukohoa kwenye foleni ya Kasumbalesa,
naiinua kinga yangu (ndivyo tunavyoiita baiskeli, sisi wa Lubumbashi),
naivusha kizingiti kama mtu anavyobeba mgonjwa,
maana kengele yake hulia yenyewe
na jirani ana mtoto mchanga.

Siendi kwa lami.
Lami ina wenyewe, na wenyewe wana haraka.
Napita nyuma ya matanuru ya matofali,
nainama chini ya bomba lililokatika,
na pale mfereji unapoanza, nami naanza.

Uliuchimbwa na watu ambao majina yao sikuambiwa,
unyweshe bustani ya bwana mmoja.
Bwana aliondoka. Bustani ikaliwa na nyasi.
Maji hayakupewa habari:
mpaka leo yanaamka, yanakwenda kazini.

Kandokando yake, changarawe.
Si ya serikali, hii. Ni ya Kisimba, mziba pancha,
aliyevunjwa mguu na lori
akalala miezi minne akihesabu mabati,
akaamka na sheria moja ambayo hakuiandika popote:
*msituni unakwenda mtupu; basi usiende mtupu.*
Ndoo moja ya kokoto kutoka kwenye mabaki ya mgodi,
uimwage pale tope lilipokushika jana.

Ndoo yangu ya kwanza niliimwaga nikinung'unika.
Siku hizi nikifika hapo gurudumu linasema krrr,
nami najua: hapa ni mimi.
Pale penye mzizi ni Ngoie.
Kwenye kona ni marehemu Kapya, na bado panashika vizuri.

Kisha msitu wenyewe.
Miombo mwezi wa tisa huchipua mekundu,
mvua haijasema neno,
na vichuguu vimesimama kati ya miti
virefu kuliko nyumba ninayolipia kodi.
Hakuna honi. Kuna mnyororo unaodai mafuta,
kuna ndege mmoja anayerudia swali lake,
kuna pumzi yangu, ambayo kule mjini
huwa siisikii hata nikiwa mgonjwa.

Sitawaficha.
Nikirudi nimefunga magunia matatu ya makala,
nasukuma, sipandi, goti langu kwenye fremu.
Msitu ninaousifu ndio ninaoubeba.
Nimelifikiria hilo kilomita nyingi
na kilomita hazijanijibu.

Mwanangu Mwadi alijifunzia hapa,
akaanguka mferejini mara mbili,
ya tatu akapotea kwenye kona ya Kapya
nikabaki nimeshika hewa pale kiti kilipokuwa.
Nilimsikia akicheka mbele, mahali nisipomwona,
na sikuogopa.
Niambieni ni barabara gani nyingine ya mji huu
ambako mama humsikia mtoto wake asimwone
na asiogope.

Juzi alikuja mtu wa komini, viatu mkononi,
gari lake limekwama kwenye matofali.
Ana kamba ya kupimia na daftari lenye mistari.
Akauliza: njia hii ina upana gani?
Nikamwambia: sukani mbili. Yangu, na ya anayekuja.
Akacheka, akauliza tena, kwa mita.
Kisimba akavuta mguu wake hadi katikati,
akalaza kinga yake, akalaza na yangu kando,
mpini kwa mpini,
akasema: pima.

Aliandika kitu. Sikukiona.
Alipoondoka nilimkabidhi ndoo,
kwa kuwa alikuwa anakwenda mtupu.
Aliibeba, bwana! Na tai yake shingoni.
Ameimwaga vibaya, kwenye nyasi, si kwenye shimo,
lakini kesho nitapita na koleo.